Chipu inayokesha ndani ya laptopu

Laptopu uliyoizima haijalala yote. Maadamu betri ina chaji au chaja imechomekwa, kuna chipu moja kwenye bodi inayobaki macho, inasubiri kidole chako kiguse swichi ya kuwashia. Hiyo ndiyo inayotambua kwamba swichi imebonyezwa, ndiyo inayoruhusu umeme uingie kwenye bodi hatua kwa hatua, na prosesa, ambayo sote tunaihesabu kuwa ndiyo kompyuta yenyewe, huamka baadaye. Mafundi tunaiita EC, kidhibiti kilichopachikwa kwenye bodi. Ukifungua mashine utaikuta mara nyingi si mbali na soketi ya kibodi, imeandikwa ITE, Nuvoton, ENE au Microchip. Ni kompyuta ndogo iliyokamilika: ina prosesa yake, kumbukumbu yake na programu yake. Nyingi zimejengwa juu ya usanifu wa 8051 ambao Intel iliutoa mwaka 1980, na mpaka leo zinapiga kazi.

EC ndiyo inayosoma kibodi kwenye laptopu nyingi. Ndiyo inayozungusha feni, inayopima joto, inayozungumza na betri, inayojua kama umefunika mashine au umeifunua, inayowasha taa ya chaji. Windows au Linux haviigusi betri moja kwa moja. Vinauliza EC, na EC inajibu. Ikijibu vibaya, au mfumo ukishindwa kuuliza, mwenye mashine anaambiwa laptopu imekufa.

Naandika haya nikiwa Mtwara, na ninaamini huku kwetu chipu hii inastahili kujulikana kuliko sehemu nyingine yoyote ya laptopu. Sababu ni joto, chumvi na salfa. Hewa ya Shangani na Mikindani ina unyevu na chumvi ya bahari mwaka mzima. Ukipanda juu kuelekea Newala na Tandahimba unaiacha chumvi, unaikuta salfa. Kuanzia katikati ya mwaka wakulima wanapulizia mikorosho salfa ya unga kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na unga ule hauishii kwenye maua. Unaingia madukani, kwenye ofisi za vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, kwenye matundu ya laptopu iliyowekwa mezani karibu na dirisha. Salfa na shaba haviivani. Njia za shaba kwenye bodi zinageuka nyeusi na mwisho zinakatika. Kabla hayajafika huko, unga na vumbi vimeshaziba mapezi ya kupozea, na feni inazunguka bila kupitisha hewa.

Juu ya hapo kuna tabia ya umeme. Ukijua umeme unaweza kukatika wakati wowote, unaacha chaja imechomekwa kutwa kucha ili betri iwe imejaa saa zote. Betri ya lithiamu haipendi mambo mawili kwa pamoja: kukaa imejaa pomoni na kukaa kwenye joto. Huku tunaipa yote mawili kila siku. Matokeo yake ni betri zilizovimba mpaka zinanyanyua tachpadi, na laptopu nyingi ninazopokea ni za mtumba, betri zake zimeshakula miaka kadhaa kwingine kabla ya kuvuka bahari.

Anayeamua betri ichajiwe mpaka wapi ni EC. Kwa hiyo swali la nani anaweza kuzungumza na EC, na kwa njia gani, hapa kwetu ni swali la pesa.

Tuanze na mazungumzo yenyewe. Mwaka 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walitoa toleo la kwanza la kanuni za ACPI, za namna mfumo endeshi unavyosimamia umeme na vifaa vya mashine, na ndani yake wakaeleza namna prosesa inavyotakiwa kuongea na EC. Utaratibu ule haujabadilika sana mpaka leo. Kuna milango miwili tu. Mlango wa 0x66 ni wa amri na hali, mlango wa 0x62 ni wa data. (0x ni alama ya namba za msingi wa kumi na sita, ambazo baada ya 9 hutumia herufi A mpaka F.) Ukiwasha Linux kisha ukachungulia rekodi za kerneli, yaani kiini cha Linux, kwa amri ya dmesg, mara nyingi utakuta mstari unaoitaja milango hiyo miwili kwa namba zake.

Milango miwili kwa mambo yote yale inatosha kwa sababu kuna foleni na kuna adabu. Chukua dirisha la karani wa ghala msimu wa korosho: unampa karatasi moja, unangoja aichukue, ndipo unampa ya pili, na huingizi mkono dirishani kuchukua risiti kabla hajaiweka. EC iko vivyo hivyo. Ukisoma mlango wa 0x66 unapata baiti moja ya hali, yaani biti nane, kila moja ni sifuri au moja. Biti yake ya kwanza kutoka mwisho, biti 0, inasema jibu liko tayari kuchukuliwa. Biti 1 inasema ulichokileta bado hakijachukuliwa, usilete kingine. Ukitaka kujua thamani iliyo kwenye anwani fulani ndani ya EC, unangoja biti 1 iwe sifuri, unaandika amri 0x80 kwenye 0x66, unangoja tena, unaandika namba ya anwani kwenye 0x62, kisha unangoja biti 0 iwe moja, ndipo unasoma jibu kwenye 0x62. Kuandika ni vilevile, isipokuwa amri ni 0x81, na baada ya anwani unapeleka thamani mpya. Anwani zote ni 256. Laptopu yako, pamoja na joto lake, feni yake, betri yake na kifuniko chake, imepewa chumba cha baiti 256.

Mazungumzo haya yana upande wa pili, na binafsi ndio naupenda zaidi. EC haingoji kuulizwa tu. Ukichomoa chaja, inainua biti 5 ya hali na kumtumia prosesa ishara. Kerneli inapeleka amri 0x84, maana yake “kuna nini?”, na EC inarudisha namba moja. Namba hiyo inaelekeza kwenye kijiprogramu ndani ya majedwali ya ACPI, maelezo ambayo mtengenezaji huyaweka ndani ya mashine, chenye jina la kuanzia na _Q. Ikirudi 0x26, kwa mfano, kerneli inatafuta _Q26 na kuiendesha. Mwenye laptopu anachoona ni alama ya plagi kutoweka kwenye kona ya skrini.

Kwenye Linux, kazi hii yote ya kungoja na kupokezana imeandikwa kwenye faili moja, drivers/acpi/ec.c. Faili hilo linalinda dirisha ili draiva mbili, yaani programu za kuendesha vifaa, zisiulize kwa wakati mmoja na majibu yakachanganyikana. Linajua kwamba EC inaweza kuchelewa, na kwa kawaida linaipa milisekunde 500 kabla ya kusema imeshindikana. Kwa draiva nyingine linatoa vitu vichache vya kutumia, na vikubwa ni viwili: ec_read na ec_write. Mwandishi wa draiva ya feni hana haja ya kujua habari za biti 0 na biti 1. Anataja anwani, anapata thamani. Huo ndio uzuri wa kerneli, unaandika adabu ya foleni mara moja na kila anayekuja anaifuata.

Sasa nieleze kitu nilichokiona kwa karibu. Mzee mmoja, katibu wa chama cha msingi upande wa Tandahimba, aliniletea laptopu ya kiofisi, ya mtumba lakini bado ina nguvu. Malalamiko yalikuwa kwamba inazima katikati ya kuchapisha orodha ya wakulima. Niliwasha Linux kutoka kwenye flashi, nikapakia moduli ya ec_sys, kipande cha kerneli kinachoonyesha chumba cha EC, nikafungua faili /sys/kernel/debug/ec/ec0/io kwa amri ya xxd. Faili hilo ni chumba chenyewe, baiti zote 256 zimepangwa mistari kumi na sita ya baiti kumi na sita.

Mzee akavuta kiti. “Fundi, hizo namba zinasema nini?”

“Hii hapa inasema joto, mzee. 5F. Kwa hesabu zetu ni digrii 95.”

“Digrii 95? Si inakaribia kuchemsha maji?”

“Inakaribia, mzee. Ndiyo maana inajizima, inajiokoa.”

Sikubahatisha kwamba baiti ile ni joto. Nilitoa DSDT, moja ya yale majedwali ya ACPI, kutoka kwenye mashine, nikalifasiri kwa programu ya iasl, na ndani yake kuna sehemu inayoorodhesha chumba cha EC baiti kwa baiti, kila moja na kijina cha herufi nne. Majina yenyewe ni mafupi na yanachosha, lakini ukifuata wapi yanatumika, kwenye sehemu ya joto, ya betri au ya kifuniko, unajua baiti ipi ni ya nini. Nikalinganisha na amri ya sensors, zikakubaliana.

Nilipofungua mashine, feni ilikuwa na unga wa njano iliyopauka umeganda kwenye kila pangaboi, na mapezi ya kupozea yameziba kabisa. Nilisafisha, nikabadilisha grisi ya prosesa, nikafunga. Baiti ileile ikashuka mpaka 3A, yaani 58, na ikabaki hapo wakati anachapisha orodha yake yote. Mzee akaomba kuona jambo moja zaidi: akachomoa chaja yeye mwenyewe, macho yakiwa kwenye skrini. Baiti moja ikabadilika.

“Imejua?”

“Imejua kabla yangu na kabla ya Linux.”

Kwenye chumba kile kuna mtego mmoja ambao kila anayeandika programu ya kusoma EC anapaswa kuujua. Baiti moja haiwezi kubeba namba kubwa kuliko 255, kwa hiyo volti za betri, ambazo huhesabiwa kwa milivolti, hukaa kwenye baiti mbili. Milivolti 11100 ni 2B5C, na kwa kawaida 5C inatangulia, 2B inafuata. Unazisoma moja baada ya nyingine, na katikati ya kusoma EC inaweza kuzibadilisha. Tuseme betri inapanda kutoka 11007 kwenda 11008, yaani kutoka 2AFF kwenda 2B00. Ukisoma baiti ya chini kabla ya badiliko na ya juu baada yake, unapata 2BFF, yaani 11263. Volti hiyo haikuwahi kuwepo. Grafu ya betri inaruka ghafla na mwenye mashine anadhani betri mbovu. Kanuni za ACPI ziliona tatizo hili tangu mwanzo, zikaweka amri 0x82 inayoiomba EC isikilize mfululizo bila kujishughulisha na mengine, mpaka 0x83 iifungue. Programu nyingi za haraka haraka zinazozunguka mitandaoni hazifanyi hivyo wala hazisomi mara mbili kuhakikisha.

Kusoma vibaya kunapotosha tu. Kuandika vibaya kunaharibu, na hapa nataka nieleweke vizuri.

Moduli ya ec_sys kwa kawaida inakuruhusu kusoma pekee. Ukitaka kuandika lazima uipakie kwa write_support=1, na wanakerneli wenyewe wameonya kwenye maelezo yao kwamba njia hii inaweza kuivuruga EC kiasi kwamba kuwasha upya hakutoshi, mpaka uzime kabisa na kutoa betri kwa sekunde kadhaa. Onyo hilo liliandikwa wakati betri inatolewa kwa kusukuma vifungo viwili. Laptopu za leo betri iko ndani, chini ya skrubu kumi. Kijana wa Masasi aliyefuata maelekezo ya video hana bisibisi ya kufungulia.

Na tatizo kubwa zaidi ni kwamba chumba kina anwani 256 lakini hakuna sheria ya nani anakaa wapi. ACPI imeeleza mlango na foleni, haikueleza vyumbani kuna nini. Kwenye ThinkPad nyingi anwani 0x2F ni ya feni: ngazi 0 mpaka 7, biti ya juu kabisa inamaanisha feni ijiendeshe yenyewe. Chukua anwani hiyohiyo uende nayo kwenye laptopu ya kampuni nyingine, na inaweza kuwa sehemu ya hesabu ya chaji, au kitu ambacho aliyeunda mashine pekee ndiye anakijua. Kwa hiyo mtu anayesambaza mstari mmoja wa kuandika kwenye EC na kusema “unafanya kazi kwenye laptopu zote” anawapa watu sumu, hata kama nia yake ni njema.

Njia sahihi ni draiva inayoijua mashine. Mfano ninaoupenda ni msi-ec, iliyoingia kwenye Linux 6.4 mwaka 2023, ya laptopu za MSI. Kabla haijagusa chochote inasoma herufi 12 kuanzia anwani 0xA0. Hapo ndipo MSI huweka toleo la programu ya EC. Draiva ina orodha ya matoleo inayoyafahamu, na kila kundi lina ramani yake. Toleo lisipokuwemo kwenye orodha, draiva inakataa kufanya kazi. Haijaribu wala haikisii. Wapo wanaokasirika laptopu yao isipokubaliwa, nami nawaelewa, ila kukataa kule ndiko kunakolinda bodi zao.

Thinkpad_acpi, draiva ya laptopu za ThinkPad, nayo ina busara ya aina nyingine. Kudhibiti feni kumefungwa mpaka wewe mwenyewe uruhusu kwa fan_control=1. Ukisharuhusu, unaweza kuipa muda wa ulinzi usiozidi sekunde 120, na programu yako ikifa au ikiganda bila kutoa taarifa ndani ya muda huo, draiva inairudisha feni ijiendeshe. Katika joto la Mtwara la mwezi wa kumi na mbili, ulinzi huo unatenganisha mashine inayofanya kazi na bodi iliyoungua.

Juu ya draiva zote hizi kerneli imeweka majina yanayofanana. Joto linatoka kwa elfu ya digrii, feni kwa mizunguko ya dakika, na kikomo cha chaji kina faili lake: charge_control_end_threshold, chini ya /sys/class/power_supply/BAT0. Andika 80 humo, yaani asilimia 80, na draiva ndiyo itakayojua kwamba kwenye mashine hii ni kuita njia ya ACPI, kwenye ile ni kuandika baiti fulani. Fundi wa Lindi na fundi wa Nachingwea wanaweza kufundishana amri moja bila kuogopa kuuana mashine. Laptopu nyingi za IdeaPad hazina namba, zina swichi iitwayo conservation_mode inayozuia chaji isifike juu, kwa modeli nyingine karibu na 60, kwa nyingine karibu na 80. Si haba.

Ipo na njia bora zaidi, na inasikitisha kwamba haijaenea. Google ilipotengeneza Chromebook iliandika programu ya EC na kuiacha wazi, mtu yeyote anaweza kuisoma. Mazungumzo yake na kerneli hupitia draiva ya cros_ec, na badala ya kuchungulia anwani gizani, unatuma ujumbe wenye namba ya amri, toleo, urefu na hesabu ya kuhakiki, na unapata jibu lenye matokeo yanayoeleweka: imefanikiwa, amri haijulikani, kigezo kibaya. Kuna hata amri ya kusalimiana. Unatuma namba, EC inaijumlisha na 0x01020304 na kukurudishia, ili ujue kwamba anayejibu ni EC kweli na mnaelewana. Unaweza pia kuiuliza ina uwezo gani kabla ya kuiomba kitu. Framework wamejenga programu za EC za laptopu zao juu ya kazi hiyohiyo, na System76 wameandika yao, nayo iko wazi.

Kwa hiyo inawezekana. Kampuni inaweza kuchapisha ramani ya baiti 256 bila kupoteza biashara. Mashine inaponunuliwa mpya Ulaya, ikatumika miaka minne, ikaja kwetu kutumika miaka minane mingine, mtengenezaji ameshaacha kuihudumia kabla haijafika Mtwara. Kilichobaki ni sisi mafundi na kile tulichoachiwa kwa maandishi. Kama hakuna maandishi, tunabaki na DSDT na subira, na wale wasio na subira wanabahatisha kwenye mali za watu.

Laptopu ya mzee bahati yake nzuri ilikuwa na draiva inayoijua. Betri yake ilikuwa bado haijavimba, nikaweka kikomo cha 80 na kuongeza huduma ndogo ya kukiandika upya kila inapowashwa, maana baadhi ya EC husahau zikikosa umeme. Hakupendezwa mwanzoni.

“Sasa fundi, umenipunguzia betri?”

“Mzee, nimeipunguzia mzigo. Ofisini umechomeka muda wote, hiyo ishirini huitumii.”

“Na siku ya mnada? Kule tunakaa chini ya mwembe toka asubuhi, hakuna umeme.”

Hoja yake ilikuwa na uzito. Nikamwekea njia mbili za mkato kwenye skrini, moja inaandika 100, nyingine inaandika 80. Kijana wake anayemsaidia uhasibu ndiye anayebonyeza: jioni ya kuamkia mnada anaijaza, wakirudi anairudisha 80. Mwaka huu naomba waniletee mashine mwezi wa nane, salfa ikishatulia, nifungue feni kabla joto halijapanda.